Saa Isiyojua Pantoni: Muda katika Sataranji ya Mtandaoni



Zaidi ya mmoja wenu ameniuliza inakuwaje mtu aliyefundisha mitandao ya kompyuta miaka yote hii anatumia mhadhara wake wa uprofesa kuzungumzia mchezo. Jibu langu ni fupi: nilifungwa. Ilikuwa jioni, nipo kwenye pantoni natoka Magogoni kwenda Kigamboni, nimebanwa kati ya baiskeli iliyosheheni ndizi na mama mwenye ndoo ya samaki. Kwenye simu nilikuwa na ngome mbili, mwenzangu amebakiwa na mfalme na askari mmoja. Nilikuwa na dakika moja na nusu. Katikati ya maji mtandao ukakata, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Uliporudi, watu walikuwa wanasukumana kushuka ng'ambo, na kwenye kioo kumeandikwa kwamba nimeshindwa kwa muda. (Angekuwa na mfalme mtupu kanuni zingetupa sare. Yule askari mmoja ndiye aliyenimaliza.)

Katika dakika moja na nusu zile sikufikiri hata hatua moja. Zililiwa na mnara wa simu. Ndipo nikajiuliza: saa ya sataranji inapima nini hasa?

Kwa muda mrefu haikupima chochote, maana haikuwepo. Katika mashindano ya London ya mwaka 1851 mchezaji alikaa mbele ya ubao mpaka aridhike, na Howard Staunton alilalamika wazi kuhusu ukawiaji wa mpinzani wake Elijah Williams. Mwaka 1861 Adolf Anderssen na Ignác Kolisch walipokutana London waliwekewa shisha za mchanga. Saa yenyewe ilikuja mwaka 1883, London tena, kazi ya Thomas Bright Wilson wa Manchester: saa mbili juu ya mhimili mmoja kama pembea ya watoto, ukiinamisha upande wako, yako inasimama na ya mwenzako inaanza kutembea. Lililopimwa pale lilikuwa wazi. Watu wawili meza moja, taa moja, hewa moja. Sekunde iliyopotea ilikuwa sekunde ya kichwa chako.

Hata hivyo saa ile ilikuwa na dhambi yake. Mtu alicheza vizuri saa nne, halafu dakika ya mwisho akageuka kuwa mchapaji wa haraka, anasukuma kete ili tu muda usimwishie. Mchezaji Bobby Fischer aliitafutia dawa dhambi hiyo, na mwaka 1989 alipewa hataza Marekani kwa saa inayokurudishia sekunde kadhaa kila unapomaliza hatua. Ilitumika katika pambano lake la marudiano na Boris Spassky mwaka 1992. Dawa ya mchezaji mwingine, David Bronstein, inafanana nayo, ila yeye hakuruhusu mtu kulimbikiza: unarudishiwa ulichotumia, hadi kikomo fulani, basi. Ukicheza upesi hupati faida. Binafsi naiona ya Bronstein kuwa ya haki zaidi kwa mwanafunzi. Ya Fischer humzawadia anayerusha hatua kumi za haraka ili ajiwekee akiba. Lakini dunia ilichagua ya Fischer, na mtandao ukaifuata.

Tuchukue Lichess, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Mchezo wake wa kawaida huandikwa kwa namba mbili: 3+2 ni dakika tatu za kuanzia na nyongeza ya sekunde mbili kila hatua. Kuamua mchezo uingie kundi gani, programu huzidisha nyongeza kwa 40 na kujumlisha na muda wa kuanzia. Mpaka kati ya blitz, ya haraka zaidi, na rapid ni sekunde 480: chini yake ni blitz. Ikifika hapo ni rapid.

Fanyeni hesabu nami. Mchezo wa 8+0 ni sekunde 480 kamili. Mchezo wa 2+9 ni sekunde 120 na 360, jumla 480 vilevile. Kwa programu hawa ni mapacha, na alama zao zinaingia kapu moja. Sasa mchezo ufike hatua ya 80, kama inavyotokea mtu anapong'ang'ania askari wa mwisho. Wa 8+0 amekuwa na dakika 8 tu tangu mwanzo. Wa 2+9 amepata dakika 14. Mapacha gani hao? FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, huzidisha kwa 60: 8+0 inabaki dakika 8, yaani blitz, na 2+9 inakuwa dakika 11, yaani rapid. Kuchagua 40 au 60 si jambo dogo la fundi. Namba hiyo ni makadirio ya hatua za mchezo mzima: ni kuamua kama mchezo huishia katikati au unafika mwisho wake.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni rahisi na halihitaji profesa: mchezo usio na nyongeza usiwe ndio unaotangulia kwenye orodha. Anayeutaka autafute. Mgeni anayefungua programu mara ya kwanza hubonyeza kilicho mbele yake, naye hujifunza sataranji ya vidole kabla ya sataranji ya kichwa.

La pili ndilo gumu, nami ndilo nimelipigia kambi. Hatua yako ikitoka kwenye simu hupita mnarani, hupita baharini kwa nyaya, hadi kwenye seva, na kurudi. Safari hiyo hula muda wa mchezaji, na waendesha seva waliliona tatizo hilo miaka ya 1990. Seva za wakati ule zilikuwa na programu ndogo kwenye kompyuta ya mchezaji, timestamp kwenye moja, timeseal kwenye nyingine, iliyogonga muhuri wa muda pale pale hatua ilipochezwa, ili safari isihesabiwe. Ubaya wake unaujua kila aliyewahi kuaminiwa ufunguo wa ghala: anayegonga muhuri ni mashine ya mchezaji mwenyewe, na mashine hufundishika kudanganya. Ndiyo maana tovuti za leo hufidia ucheleweshaji kidogo kidogo, kwa kikomo. Kikomo hicho kinamtosha aliye karibu na mnara mzuri. Pantoni hakiifikii.

Ninachopendekeza ni akiba ya tatu, mbali na muda wa kuanzia na nyongeza: akiba ya mtandao. Tuseme sekunde 60 kwa mchezo wa dakika kumi, zionekane na wachezaji wote wawili, zikianza kuliwa pale tu seva inapopoteza mawasiliano na simu. Zikiisha, saa ya kawaida inaendelea. Je, mchezaji akikata data makusudi ili apate nafasi ya kufikiri? Atafanya hivyo, na sijifanyi sijui. Lakini ataiba sekunde 60 tu, mwenzake akimwona. Leo mwizi ni mnara, na haulipi chochote.

  

Akiba kama hii nimeiona bila seva: karibu na stendi ya pale Kigamboni kuna kijiwe cha bodaboda wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, vilivyokaa wima upande mmoja na kupinduliwa upande mwingine. Abiria akitokea, kijana anasema "msiguse", anaondoka na pikipiki. Mwenzake anakaa. Wengine hukaa pia, na macho yao ndiyo mlinzi wa ubao. Anarudi baada ya robo saa, anauangalia kwanza, anahesabu vizibo vyake, kisha anauliza, "Zamu ya nani?"