Kinachoua si Kuhara, ni Kukauka Maji

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya afya ya nyumbani)



Asanteni kwa kuacha shamba mkaja. Najua leo ni siku ya merigoraundi, kwa hivyo sitawachosha. Nimeombwa niongee juu ya magonjwa ya kawaida: yanaletwa na nini, na yakiingia mwilini yanafanya nini. Magonjwa ni mengi. Leo nachukua moja tu, kuhara kwa watoto wadogo, kwa sababu hili tumelizoea, na mazoea ndiyo yanatuletea msiba.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi tisa alihara siku mbili. Wakubwa wangu wakaniambia tumbo linataka kupumzika, nimnyime maji, maana kila akinywa anahara tena. Nikatii. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi. Jirani yangu, mama mzee, alimwangalia akasema, "Wewe, mtoto huyu ana kiu. Mpe maji, halafu twende." Tulienda dispensari nikimnywesha njiani kijiko kwa kijiko. Alipona, na leo ni mtu mzima. Lakini mimi niliyesoma nilikaribia kumuua mwanangu kwa kiu, na mtungi umejaa maji nyumbani.

KUHARA KUNATOKA WAPI?

Wengine husema ni meno. Angalieni vizuri: umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Meno yanasingiziwa tu. Wengine husema ni jicho baya. Wengine wanaona uvimbe mweupe kwenye fizi, wanasema ni "meno ya plastiki", na mtoto anapelekwa kukatwa fizi. Ndugu zangu, hayo ni meno yake mwenyewe ambayo hayajatoka. Kidonda hicho kinaweza kumletea hata pepopunda.

Mara nyingi kuhara kunaletwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, na vingi vinatoka kwa mavi ya binadamu. Tusione haya kulitaja. Mavi ya mtoto nyuma ya nyumba yanabebwa na nzi mpaka kwenye uji. Mvua inayabeba mpaka mtoni. Mikono yetu inayabeba mpaka kwa kijiko. Kimoja cha vidudu hivyo ni kirusi kinachoitwa rota. Chanjo yake ilianza kutolewa Kenya mwaka 2014. Mama, angalia kadi ya kliniki kama mtoto wako ameipata.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Mtoto mchanga, karibu robo tatu ya mwili wake ni maji. Utumbo mzima kazi yake ni kufyonza maji na chakula. Vidudu vikiuumiza, unashindwa kufyonza, na maji ya mwili yanatoka pamoja na chumvi yake. Damu inapungua maji. Moyo unakimbia kuisukuma. Mkojo unakuwa kidogo, mdomo unakauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Mwisho mtoto analegea na kusinzia. Watu wanasema, "Afadhali amelala." Hajalala, anatuacha.

Sasa habari njema. Hata utumbo ulioumia bado una mlango mmoja: sukari na chumvi zikifika pamoja, zinaingia, na maji yanafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, kipindupindu kilivamia wakimbizi kule Bangaon, India, na maji ya kutundikiwa mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya glukosi na chumvi kwa maji, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu watu 30 kwa kila 100. Kwa walionyweshwa walikufa chini ya 4. Walionywesha hawakuwa wauguzi, walikuwa watu kama sisi.

TUFANYE NINI?

Tumia pakiti ya ORS. Soma kwanza: zingine ni za nusu lita, zingine za lita moja. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji safi (chupa mbili za soda za nusu lita), vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Onja: yasizidi machozi kwa chumvi. Yakimaliza siku moja, yamwage.

Kila akihara, mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, mkubwa nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee polepole. Usimwachishe ziwa wala chakula. Mwombe mhudumu wa afya vidonge vya zinki. Mtoto anavimeza siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Usinunue dukani dawa ya kufunga tumbo.

Usingoje, nenda hospitali: akiwa hana miezi sita, akihara damu, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akilegea, ama macho yakiingia ndani. Endelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Na kuzuia? Choo chenye kifuniko, mavi ya mtoto yatupwe humo, maji ya kunywa yachemshwe ama yatiwe klorini, na kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Akina baba, kuchimba choo si kazi ya kungoja mradi.

Sikuja kuwalaumu. Aliyeninyima akili siku ile ni mapenzi pamoja na kutojua, na aliyeniokoa ni jirani. Ndiyo maana naongea na kikundi, si na mtu mmoja mmoja. Kila mmoja wenu awe yule mama mzee kwa jirani yake.

Maswali ya kujadiliana:

1. Hapa kwetu mtoto akihara tunamnyima nini, na kwa nini?

2. Nyumba ngapi za wanakikundi hazina choo? Tutaanza na ya nani?

3. Je, sanduku la kikundi linaweza kuweka pakiti za ORS na nauli ya dharura? Nani atatunza?