Paka Mzee na Figo Zake
(Mazungumzo na klabu ya afya ya vijana)

Leo tunazungumza juu ya paka. Naona wengine mnacheka! Ngojeni kwanza. Zile figo mlizosoma kwenye biolojia, paka naye anazo mbili, na kazi yake ni ile ile: kuchuja damu, kutoa uchafu kwa mkojo na kulinda maji ya mwilini.

Paka akishavuka miaka 10, ugonjwa wa figo ni jambo la kawaida. Unaingia polepole. Figo zina akiba kubwa, kwa hiyo dalili zinaonekana wakati karibu theluthi mbili ya nguvu zake imeshapotea.

Dalili ni hizi:
- anakunywa maji mengi na kukojoa sana;
- anakonda, na manyoya yanakosa mng'ao;
- anakataa chakula au anatapika;
- mdomo unanuka.

Sasa, hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu wamechoka kufuta mkojo, wanaamua kumwondolea maji. Jamani, msithubutu! Paka huyu hakojoi kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu figo zimeshindwa kuyazuia maji, yanapita tu. Ukimnyima, unammaliza.

Kosa la pili ni dawa za binadamu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamo; kidonge kimoja tu kinaweza kumwua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zinaumiza figo.

Je, tufanye nini? Kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mkojo, maana hata kisukari kinaleta kiu. Figo zilizokufa hazirudi, lakini daktari anaweza kuzuia kutapika, kushusha shinikizo la damu na kumwongezea maji mwilini.

Nyumbani, weka maji safi sehemu mbili au tatu. Mpe chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Samaki au nyama iliyochemshwa bila chumvi, bila mifupa na bila kitunguu inafaa. Kitunguu ni sumu kwake. Punguza dagaa wakavu: wana chumvi, na mifupa yao ina fosforasi nyingi ambayo figo mbovu hazimudu kuitoa. Lakini usimgeuze mla ugali! Paka ameumbwa kula nyama. Maziwa je? Yanawaharisha paka wengi wakubwa, na kuharisha ni kupoteza maji. Akikaa siku nzima bila kula, rudi kwa daktari.

Karai lake la mchanga liwe karibu, lisafishwe kila siku. Nawa mikono kwa sabuni. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwani kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Mtaniuliza, atapona? Hapana. Ila akitunzwa vizuri anaweza kuishi miezi, wengine hata miaka, bila mateso. Siku akishindwa kula na kusimama, ongea na daktari juu ya kumpumzisha bila maumivu. Kumfunga kwenye gunia na kumtupa sokoni, eti "atajitafutia", si suluhisho. Mgonjwa wa figo hajitafutii chochote. Huyo ndiye aliyewalindia unga dhidi ya panya miaka yote hiyo. Bakuli la maji si deni kubwa.

Haya, maswali?