Ngome ya Nchi ni Utawala Mwema

Nchi hailindwi kwa bunduki peke yake. Ushahidi uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyoitwa Zaire tangu 1971 hadi 1997, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mobutu Sese Seko alitwaa madaraka Novemba 1965 akiwa mkuu wa jeshi. Ilitazamiwa kwamba mwanajeshi angewatunza wanajeshi wenzake. Haikuwa hivyo. Kikosi cha kumlinda Rais kililipwa vizuri na kupewa silaha bora. Askari wa kawaida aliachwa ajitafutie, na mara nyingi mshahara wake uliishia mifukoni mwa wakubwa wake. Mwaka 1977, na tena 1978, jimbo la Shaba liliposhambuliwa kutoka Angola, ililazimu majeshi ya kigeni yaje kuliokoa: kwanza Wamorocco, kisha Wafaransa na Wabelgiji. Onyo hilo halikusikilizwa.

Septemba 1991 askari wenye njaa waliasi mjini Kinshasa wakapora maduka na viwanda. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire 5,000,000. Wafanyabiashara walipozikataa, bunduki zilizonunuliwa kwa jasho la wananchi ziligeuzwa tena dhidi ya wananchi hao hao.

Basi vita vilipoanza mashariki Oktoba 1996, vikiongozwa na Laurent Kabila kwa msaada wa Rwanda na Uganda, jeshi la Zaire lilirudi nyuma mji baada ya mji, likipora njiani. Maelfu ya wakimbizi walivuka ziwa kuja Kigoma. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilitekwa.

Askari wa Zaire hakuzaliwa mwoga. Alikosa kitu cha kufia. Serikali ilimwibia, naye akamwibia raia. Na raia aliyeporwa na mlinzi wake hawezi kumpasha mlinzi huyo habari za adui. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo mshahara unaomfikia askari kwa wakati, hesabu za kikosi zisizofichwa, na polisi anayekataa hongo barabarani si mambo ya karani peke yake. Hayo nayo ni silaha za ulinzi. Nchi inayoyapuuza wakati wa amani huanza kushindwa vita kabla adui hajavuka mpaka.