Kubadili DNS Nyumbani: Tunamwuliza Nani Njia?

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Michenzani, Unguja



Watumiaji wengi wa intaneti wametuuliza swali hili: je, ni kweli kwamba mtu akiandika tarakimu 8.8.8.8 katika ruta yake, intaneti ya nyumbani huongezeka kasi? Wapo walioshauriwa hivyo na majirani, na wapo waliotozwa fedha kwa kazi hiyo. Tungependa kulijibu kwa ukamilifu, kwani ndani yake limo jambo kubwa kuliko kasi, nalo ni uaminifu.

Tuanze na maana. Kila tovuti ina jina tunalolijua sisi, na ina anwani ya tarakimu inayotumiwa na kompyuta. DNS, yaani mfumo wa majina ya vikoa uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ndio unaotafuta anwani inayolingana na jina. Mgeni anayefika katika maghorofa ya Michenzani akitafuta nyumba ya fulani hatafika kwa kulijua jina pekee. Atamwuliza mtu aliyekaa barazani, naye atamwonesha jengo na ngazi ya kupanda. Seva ya DNS hufanya kazi ya mtu huyo wa barazani. Kwa kawaida seva hiyo ni ya kampuni inayokuuzia intaneti, na ruta huipokea bila ya wewe kufanya lolote. Kubadili DNS, basi, ni kuamua kumwuliza mtu mwingine.

Seva za umma zinazojulikana duniani si nyingi. Google ilianzisha yake mwaka 2009, kwa anwani 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Quad9 ilianza mwaka 2017 kwa anwani 9.9.9.9, hii hukataa kukuelekeza kwenye tovuti zinazojulikana kwa utapeli au kueneza programu hasidi. Cloudflare ilifuata mwaka 2018 kwa 1.1.1.1, na ina pia 1.1.1.3, inayozuia programu hasidi pamoja na maudhui ya watu wazima, jambo linaloweza kuwafaa wenye watoto wa skuli. Zote hutolewa bure. Anayedai kukuuzia "DNS ya kasi" anauza kisichouzwa. Unachomlipa ni ufundi wake tu.

Faida ipo, lakini ina mpaka wake. Seva ya mtoa huduma ikizidiwa au ikizimika, simu huonesha kwamba imeunganishwa, ilhali tovuti hazifunguki. Hapo kubadili DNS huweza kusaidia. Lakini DNS haipanui njia: aliyelipia Mbps 10 atabaki na 10 zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora nchini mwetu na kwa majirani, na hakuna tarakimu ambayo ingeweza kuunga waya uliokatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotoweka kwa takriban saa 6, seva za DNS za kampuni yenyewe ndizo zilizokuwa hazifikiki. Aliyeuliza popote alikosa jibu.

Wakati mwingine mabadiliko hayo hata huchelewesha. Kampuni kubwa za video huweka nakala za kazi zao karibu na watumiaji, na seva ya DNS iliyo mbali inaweza kukuelekeza kwenye nakala iliyo nchi ya mbali.

Sasa tufike kwenye uaminifu. Anayeulizwa njia hujua unakokwenda. Google, kwa mfano, hueleza kwamba huhifadhi anwani kamili ya muulizaji kwa saa 24 hadi 48. Tena, anayeulizwa njia anaweza kudanganya. Mwezi Novemba 2011 polisi wa Marekani na wa Estonia walivunja mtandao wa wahalifu waliotumia programu iitwayo DNSChanger. Programu hiyo ilibadili DNS kwa siri katika kompyuta zipatazo milioni 4, katika nchi zaidi ya 100, na wenye kompyuta wakapelekwa kwenye kurasa na matangazo wasiyoyaomba. Wengi hawakujua kitu hadi walipoelezwa. Kwa njia hiyo hiyo mtu anaweza kuoneshwa ukurasa unaofanana na wa benki yake, akaandika nywila yake mkononi mwa mwizi.

Kwa atakayeamua kubadili, tunashauri mambo matano.

Kwanza, andika pembeni mipangilio ya zamani kabla ya kugusa chochote, ili uweze kuirejesha. Baadhi ya kurasa za mtoa huduma hufunguka kwa DNS yake tu.

Pili, jaribu katika simu moja kwa siku chache kabla ya kubadili ruta, kwani ruta hubadilisha nyumba nzima.

Tatu, usiandike tarakimu usiyojua mwenyewe ni nani. Hakiki anwani katika tovuti ya mtoaji wa huduma hiyo ya DNS.

Nne, badilisha nywila ya ruta iliyotoka nayo kiwandani, na fundi akimaliza kazi, ibadilishe tena. Kivinjari kikikuonya kwamba tovuti ya benki si salama, acha hapo hapo.

Tano, usidhani umejificha. Maswali ya DNS ya kawaida husafiri wazi. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha inayoyafumba maswali hayo, lakini hata hivyo mtoa huduma wa intaneti huweza kuona seva unazounganishwa nazo.

Mwisho, tunasisitiza kwamba kubadili DNS kusiwe kiraka cha kufunika huduma mbovu uliyoilipia. Intaneti ikidorora siku nenda siku rudi, pima kasi kwa nyakati tofauti, andika tarehe na saa, kisha peleka lalamiko kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu yake, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi yake hapa Zanzibar. Lalamiko lililoandikwa vizuri huwafaa na majirani wanaotumia huduma hiyo hiyo; tarakimu ulizobadili chumbani kwako hazimwambii mtoa huduma kwamba ana deni kwako.