Chenji Isiyovuka: Sarafu Ndogo na Historia ya Tunduma

Mhadhara wa umma uliotolewa Tunduma, Mkoa wa Songwe



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia historia ya fedha katika nyanda hizi. Wengi wenu mtakuwa mmetarajia dhahabu. Mimi nimekuja na senti, hela, peni na ngwee, yaani chenji ambayo mtu akiidondosha sokoni hainami kuiokota. Hoja yangu ni moja: sarafu ya thamani ndogo hutueleza maisha ya mtu wa kawaida vizuri kuliko sarafu ya thamani kubwa, na hapa Tunduma, mpakani na Zambia, sarafu za namna hiyo zimebaki kwetu bila mtu yeyote kuzitafuta.

Zimebakije? Jibu lake kila mfanyabiashara hapa analijua. Mwendee anayebadilisha kwacha na shilingi, mpe noti, atahesabu upesi na kukupa zako. Mtolee ngwee za chuma, atakurudishia. Sarafu ni nzito, kuzihesabu kunachosha, na faida yake haionekani. Kwa hiyo noti hupata njia ya kurudi kwao, lakini sarafu iliyovuka mfukoni mwa dereva au mama wa mitumba hubaki ilipofika. Huishia kwenye droo la duka, kwenye kopo la misumari au mikononi mwa mtoto. Mabenki yanahifadhi noti; sarafu ndogo za nchi jirani zimehifadhiwa na uvivu wetu wa kuzibadilisha.

Mpaka na fedha zake

Mstari huu unaotutenganisha ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Upande huu ikaingia rupia ya Kijerumani, mwanzoni ikigawanywa kwa pesa 64, na kuanzia 1904 kwa hela 100. Upande wa pili zilitawala pauni, shilingi na peni za Kiingereza. Kodi ya nyumba ilipowekwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, mkulima alilazimika kuitafuta fedha hiyo hata kama sokoni kwake watu walikuwa bado wanabadilishana mtama kwa jembe. Rupia ilikwenda kwa mtoza kodi. Hela ndiyo iliyobaki nyumbani kununua chumvi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zilikatika. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Wakusanyaji matajiri duniani huwania rupia 15 za dhahabu zilizopigwa hapo, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Lakini karakana hiyohiyo ilipiga pia hela 20 za shaba, nyekundu na ya njano. Ishike moja uitazame: taji juu, herufi D.O.A. (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916, na chini yake T ya Tabora. Herufi zimekaa upande, ukingo haukulingana, na nyingine zina ufa wa muhuri uliochoka. Ukitaka kuona serikali iliyoishiwa, tazama sarafu hiyo. Ile ya dhahabu imepigwa kwa uangalifu mno kukuonyesha hali hiyo.

Baada ya vita ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo tukapata shilingi na senti zenye tundu katikati. Hapa ninawaomba mtazame senti kumi, ambayo wazee wetu waliiita peni, ya mwaka 1936. Upande mmoja kuna pembe mbili za tembo zilizolikumbatia tundu. Upande wa pili kuna taji na jina la Edward VIII. Mfalme huyo alitawala chini ya miezi kumi na moja, kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Zetu, kwa kuwa zilikuwa na tundu, hazikuhitaji sura. Zilihitaji jina tu, zikapigwa mapema na kwa wingi. Ndiyo maana mfalme ambaye mkusanyaji wa London humtafuta kwa gharama kubwa, mkulima wa kahawa wa Mbozi aliweza kuwa naye mfukoni kwa senti kumi.

Ng'ambo ya pili mambo yalifanana. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilitoa kuanzia 1955 peni yenye tundu na tembo wawili, na nusu peni yenye twiga. Zambia huru nayo ilipiga peni yake yenye tundu mwaka 1966, kabla ya kuhamia kwacha na ngwee Januari 1968. Sisi mwaka huohuo wa 1966 tukaanza sarafu za Benki Kuu yetu: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye thumuni, yaani senti hamsini, na mkono wenye mwenge kwenye shilingi.

Chuma kinavyosema ukweli

Malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo yanapita mjini kwetu mchana na usiku kwenda bandari ya Dar es Salaam. Sasa ziwekeni pamoja ngwee mbili: ya 1968 ni ya shaba iliyochanganywa; ya 1983 ni chuma kilichopakwa shaba juu. Nchi inayouzia dunia shaba haikumudu tena kuiweka yote kwenye sarafu yake ndogo kabisa. Takwimu za mfumuko wa bei zinaweza kubishaniwa, sumaku inayonasa ile ya 1983 haibishaniwi. Baadaye ngwee zilitoweka sokoni, hadi kwacha ilipoondolewa sifuri tatu Januari 2013, na ngwee mpya zikarudi. Kwetu njia ilikuwa nyingine: noti ziligeuka sarafu, mpaka mia tano ikawa ya chuma mwaka 2014. Hamsini ya leo ni mara elfu moja ya ile senti tano yenye samaki.

Namna ya kukusanya

Vijana, uraibu huu hauhitaji mtaji, lakini unahitaji nidhamu. Kwanza, msisugue sarafu kwa limau, majivu wala stilwulu. Weusi wake ni ngozi yake, ukiichubua umeiua. Pili, msizitie kwenye mifuko laini ya plastiki inayotoa ute wa kijani. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha. Tatu, na hili ndilo kubwa, andikeni juu ya bahasha ilikopatikana, lini, na ilikuwa ya nani.

Kwa nini? Sarafu moja ya shaba ya Kilwa ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari aitwaye Maurie Isenberg kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zingepatikana Kilwa zisingeshangaza mtu. Mahali zilipopatikana ndipo palipozipa uzito. Hali kadhalika, ngwee ya Lusaka ni chenji. Ngwee iliyotoka kwenye droo la duka la Tunduma, ikiwa na jina la duka na mwaka, ni ushahidi wa biashara ya mpakani.

Na tahadhari: kila baada ya muda huvuma kwamba rupia ya Mjerumani inanunuliwa kwa mamilioni. Rupia ya fedha ina gramu 11.66, asilimia 91.7 fedha halisi, na zilipigwa kwa wingi. Nyingi zina bei ya kawaida tu. Anayekutaka utoe pesa kwanza ili akuunganishe na mnunuzi ni tapeli.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo langu ni dogo kama mada yenyewe. Shule moja ya Tunduma na moja ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, zianze kila moja sanduku lake, wanafunzi waleteane sarafu ambazo wabadilishaji wamezikataa, na kila sarafu iingie daftarini na habari zake. Wenye kumbukumbu za peni yenye tundu wangali hai mitaani mwetu, na wanaweza kuulizwa wiki hii. Sarafu inaweza kusubiri miaka mia, aliyeitumia hawezi.