Kabla ya Kutia Giaboksi ya Gia Tano Katika Pikapu Kuukuu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wetu, mafundi wa gareji na madereva



Leo hatukuja kusema habari za mishahara peke yake. Twataka kusema habari ya kazi moja inayoletwa katika gareji zetu, nayo ni kutoa giaboksi ya gia nne katika pikapu ya zamani na kutia ya gia tano. Msione ajabu kwamba Chama kinasema habari za spana na boliti. Fundi huumia kwenye spana na boliti, na mara nyingi hupunjwa hapo hapo.

Ili tusiseme hewani, tutachukua gari moja mnalolijua: pikapu ya Toyota Land Cruiser ya jamii ya 40, ile ambayo kiwanda cha Japani kiliacha kuiunda mwaka 1984. Chuma chake ni kigumu na mpaka leo yabeba maji, mawe na mahindi. Lakini nyingi zilitoka na gia nne tu. Katika miaka ya 1980 Toyota ilitoa giaboksi ya gia tano iitwayo H55F, ikatiwa katika magari ya jamii ya 60 na ya 70. Kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na zile za gia nne, yaani H41 na H42, wenye magari hutafuta iliyotoka katika gari lililovunjwa, kisha huja nayo gareji na kusema, "Fundi, nitilie hii."

Kwanza tufahamu faida yake, maana wengine husifu wasichokijua.

Katika giaboksi hizi zote gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka nayo yazunguka mara moja. Katika H55F gia ya tano ni 0.845. Maana yake, kama gari laenda barabara ya lami na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya nne, ukitia ya tano na kushika mwendo ule ule, injini itazunguka kama mara 2,535. Kelele itapungua, injini itapumzika, na katika safari ndefu ya tambarare, kama kutoka Voi kwenda Mtito Andei, hapana shaka mafuta nayo yatapungua kiasi.

Lakini gia ya tano haiongezi nguvu hata kidogo. Mlimani na mzigo, dereva atarudi kwenye gia ya nne na ya tatu kama zamani. Gia ya kwanza ya H55F ni 4.843. Mwenye H42, ambayo ya kwanza yake ni 3.555, atapata gia ya chini yenye nguvu zaidi. Mwenye H41, ambayo ya kwanza yake ni 4.925, hatapata kitu hapo. Basi tajiri asiyefanya safari za lami, bali huzunguka machimboni na mashambani, aambiwe kweli kabla ya kutoa fedha yake. Na anayesema, "Sasa gari lina gia tano, ongezeni mzigo," huyo hakuelewa, na dereva asikubali. Breki ni zile zile, springi ni zile zile, na injini ni ile ile.

Ndugu mafundi, sasa tuje kwenye bei. Shida huanza hapa. Mwenye gari huona kitu kimoja, giaboksi, naye hupatana bei ya kitu kimoja. Fundi akishafungua, mengine hutokea moja moja, na kila moja hula siku yake na jasho lake. Kwa hiyo twasema, yahesabiwe yote kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa.

Moja. Giaboksi ya gia tano ni ndefu zaidi. Gia ya tano imekaa upande wa nyuma, na sanduku la transfa lasukumwa nyuma. Basi propela ya mbele huwa fupi mno, na ya nyuma huwa ndefu mno. Zote mbili zapasa kupimwa na kurekebishwa kwa fundi mwenye mashine, kisha zisawazishwe. Kipimo kichukuliwe chini ya gari lenyewe, likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Msichukue kipimo cha kuambiwa. Na krosi za ncha mbili za propela zipangwe sawasawa, la sivyo gari litatetemeka na beringi zitakufa.

Mbili. Meno ya shafti ya kuingilia. Giaboksi hizi zilitoka na shafti za namna mbalimbali, nyingine zina meno 10, nyingine 21. Yahesabuni kwa macho yenu, kisha mnunue sahani ya klachi inayokubaliana nayo. Vilevile hesabuni meno mahali giaboksi inapokutana na transfa, na mtazame kama yamelika.

Tatu. Klachi. Maadamu giaboksi iko chini, tieni sahani mpya, beringi ya kuachia, na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Tazameni pia sili ya nyuma ya injini. Akikataa mwenye gari kununua sili ya bei ndogo, andikeni kwamba amekataa. Oili ikivuja mwezi ujao, kazi yote itarudiwa, na mtu atataka irudiwe bure.

Nne. Breki ya mkono. Katika pikapu nyingi za jamii hii ngoma ya breki ya mkono iko nyuma ya transfa. Transfa ikisogea, waya au fimbo ya breki hiyo nayo haifiki mahali pake. Jambo hili ndilo husahauliwa, nalo ndilo huua. Gari lililosimama mteremkoni bila breki ya mkono halichagui wa kumpitia.

Tano. Sakafu na mikono ya gia. Mkono wa transfa huja mahali pengine, na kifuniko cha sakafu hukatwa upya. Waya wa spidi nao utazamwe kama wafika. Lakini jueni kwamba spidi ya gari hili huchukuliwa kwenye transfa, si kwenye giaboksi. Basi kubadili giaboksi peke yake hakuidanganyi saa ya spidi.

Na hiyo giaboksi kuukuu yenyewe ikaguliwe kabla ya kutiwa. Mwageni oili yake katika sufuria safi na mtafute vumbi na vipande vya chuma. Zungusheni shafti kwa mkono katika kila gia, na ya tano msiisahau. Giaboksi iliyotupwa katika gari bovu huenda ilitupwa kwa sababu yake.

Sasa habari ya usalama, na hapa twasema kwa sauti kubwa.

Giaboksi hii ikiwa na transfa yake si mzigo wa kupokelewa kifuani na watu wawili walio chali mchangani. Chuma hiki kikiteleza chavunja mbavu. Jeki ni ya kuinulia gari tu, haishikilii gari wakati mtu yuko chini yake. Wekeni stendi imara chini ya chasi, mahali pagumu, na kabari kwenye magurudumu. Fungueni waya wa betri. Kama maunti za nyuma za injini zimefungwa kwenye nyumba ya klachi, msiitoe nyumba hiyo kabla ya kuishika injini kwa chini. Giaboksi ishushwe na kupandishwa kwa jeki ya giaboksi, au kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti inayojulikana nguvu zake, wala si kwenye tawi la mti.

Wakati wa kurudisha, giaboksi isiachwe ikaning'inia kwa shafti yake ndani ya klachi, maana sahani itapinda. Wala msiivute kwa kukaza boliti. Kama haiingii, kuna sababu. Itoeni, mtazame tena. Kijana wa mafunzo asitumwe chini ya gari kwa kuwa ni mwembamba. Atumwe akishafundishwa, na mkubwa wake awe naye.

Haya si matakwa ya Chama tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kutoa vyombo vya kazi vilivyo salama na mahali pa kazi palipo salama. Na yampasa mfanyakazi aonaye hatari kubwa amwarifu msimamizi wake. Mpaka hatari hiyo iondolewe, asilazimishwe kurudi pale. Mwenye kuumia asijifiche akanywe dawa nyumbani. Aarifu mara moja, na habari iandikwe, maana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, huanza na habari iliyoarifiwa.

Ndugu madereva, mwisho ni ninyi. Msipokee gari kwa kupewa ufunguo tu. Mkague pamoja na fundi: oili ya giaboksi na transfa imejaa mpaka kwenye tundu la kujazia; gia zote zaingia, pamoja na ya kurudi nyuma; breki ya mkono yashika gari tupu mteremkoni; hakuna mtetemeko. Litembezwe bila mzigo kwanza, kisha boliti zikazwe tena. Bandikeni mbele ya dereva mchoro wa gia mpya. Dereva wa zamu nyingine, aliyezoea gia nne, asije akatafuta ya kurudi nyuma akapata ya kwenda mbele, na turniboi amesimama pale. Na mkiteremka Mai Mahiu na mzigo, ya tano si gia ya kuteremkia. Rudini chini mapema, injini isaidie breki.

Ndugu zetu, twamaliza kwa shauri moja. Kila kazi ya namna hii iandikwe katika karatasi: vitu vyote vitakavyobadilishwa, siku zitakazotumika, bei ya ufundi peke yake mbali na bei ya vitu, na sahihi mbili, ya fundi na ya mwenye gari. Fundi anayelipwa kwa kazi bila karatasi hujikuta amelipwa giaboksi moja, akafanya propela mbili, klachi, sakafu na breki bure. Mwenye gari asiyetaka kutia sahihi amekwisha kuonyesha atakavyolipa.

Karatasi hiyo mjumbe wenu anayo. Chukueni, nakilini, itumieni kuanzia kesho asubuhi. Na gareji isiyo na stendi wala winchi, mleteeni mjumbe habari zake kabla ya mtu kuumia.