Soriasisi: matarishi wasiotulia

Leo tuongee habari za ngozi. Sema kweli: umepanda daladala, jirani yako ana mabaka mazito yenye magamba meupemeupe viwikoni, hujisogezi kidogo? Wengi tunajisogeza. Na bwenini ndiyo usiseme! Mwenzetu anatengewa ndoo, anatengewa kitanda. Swali ninaloulizwa mashuleni ni lilelile: "Dada, ule si ndio ule ugonjwa?"

Hapana. Unaitwa soriasisi, na HAUAMBUKIZI. Hauna kijidudu cha kuhama kutoka kwake kuja kwako. Hata kurogwa simo. Kasoro iko kwenye mawasiliano ya mwili wenyewe.

Iko hivi. Chembechembe nyeupe za damu ni askari wetu. Askari hawa wanapashana habari kwa protini ndogondogo ziitwazo saitokini. Zifikirie kama matarishi wa ofisini. Ukijikata kidole, matarishi wanakimbia: leteni damu, leteni askari, tengenezeni ngozi mpya! Mahali pale panavimba, panapata moto, kidonda kinafunga, matarishi wanatulia.

Kwa mwenye soriasisi hawatulii. Tarishi mmoja, intalukini-23, anawachochea askari waitwao seli T. Nao wanamtoa intalukini-17, ambaye anaiamrisha ngozi izaliane harakaharaka. Mwingine, TNF, anamwagia petroli. Ngozi nayo ikishachokozwa inatuma matarishi wake kuita askari zaidi. Basi wanazunguka hapohapo.

Kwa kawaida chembe ya ngozi huchukua kama mwezi mmoja kupanda kutoka chini hadi kupukutika. Kwenye baka la soriasisi ni siku chache tu, 3 hadi 7. Zinafika juu zikiwa changa, zinarundikana. Ndiyo yale magamba. Kwenye ngozi nyeusi baka huonekana la zambarau au kijivu, siyo jekundu kama kwenye picha za vitabu vya Wazungu, kwa hiyo ni rahisi kudhaniwa fangasi.

Zamani wengi waliilaumu ngozi yenyewe. Mwaka 1979 watafiti wawili, Mueller na Herrmann, waliwapa wagonjwa wa viungo dawa ya kuwapoza askari, siklosporini. Kumbe waliokuwa na soriasisi ngozi nayo ikaanza kutakata! Tangu miaka ya 2000 zimekuja sindano zinazomkamata tarishi mmoja njiani: TNF, au 23, au 17. Zinafanya kazi nzuri sana, ila bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi. Halafu TNF huyohuyo ndiye anayesaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu visiamke, kwa hiyo kabla ya kumzuia lazima upimwe TB.

Sasa kuna jambo linaloniudhi: krimu za kujichubua. Nyingi zina steroidi kali. Unapaka wiki moja, baka linafifia, unafurahi. Ukiacha ghafla linarudi kwa kishindo, na ngozi imeshakuwa nyembamba. Daktari naye hutumia krimu za steroidi, lakini kwa kipimo na kwa muda. Hutumia pia mafuta ya kulainisha, ya asidi ya salisili, mwanga maalumu, au vidonge vya methotrekseti. Ugonjwa hauponi moja kwa moja, ila unatulizwa. Nawe usijikune wala kujisugua kwa dodoki. Baka jipya hupenda kuota palipochubuka.

Je, VVU? Vinaweza kuifanya soriasisi iwe kali, kwa hiyo ikikulipukia ghafla, kapime. Lakini kwa kumtazama mtu mabaka huwezi kujua kama anavyo.

Vidole vikivimba, au asubuhi viungo vikikaza, usingoje. Matarishi walewale hushambulia na viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi kama zamani. Nenda hospitali, omba mtaalamu wa ngozi. Pale KCMC Moshi kuna kituo kinachowafundisha wataalamu hao tangu 1992, kwa hiyo wapo, hata kama kwenu itabidi upande basi.